Huranda Kutwa, Mlangoni Hatoki

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo halikumsumbua hata siku moja, kwa sababu mwanamke aliyemwoa alikuwa nayo ya kuwatosha wote wawili. Yeye alitengeneza milango na madirisha katika karakana iliyoshikana na sebule yake. Mkewe alikuwa mkalimani wa mahakama, lugha nne kinywani, na mtaa mzima ulimwita Mama Lugha.

Walikutana kazini. Fundi, kijana bado, aliitwa mahakamani kukaza kizimba kilichoyumba kila shahidi alipoegemea. Kesi haikusimamishwa kwa ajili yake. Alikuwa amelala chini ya mbao, misumari mdomoni, aliposikia sauti ya mwanamke ikimrekebisha karani kwa upole: shahidi hakusema mshtakiwa alimpiga, alisema alimpigia, tena simu. Watu waliangua kicheko, Fundi akanusurika kumeza msumari. Alipochomoka chini ya kizimba kumtazama mwenye sauti ile, vumbi limemjaa nywele, alijua kwamba kazi ya siku moja ataifanya kwa siku tatu.

Wakaoana, wakapata mtoto mmoja wa kiume, na nyumba ikajipangia mazoea yake. Zoea kubwa lilikuwa la Jumamosi. Muuza magazeti alipita saa mbili, akachomeka gazeti kwenye nondo za dirisha. Mama Lugha hakusoma habari. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa chemshabongo, akavuta kiti hadi mlango wa karakana, akawa anamsomea mumewe vidokezo huku randa inalia. Fundi alijibu hovyo, na mara nyingine alijibu hovyo makusudi, ili achekwe. Mkewe alikuwa na kicheko cha kuanzia puani, kama mtu anayezuia chafya. Fundi angeweza kuranda mbao za mlango mzima kwa kicheko kimoja cha namna ile.

Kiharusi kilimpata Mama Lugha asubuhi ya siku ya kazi, alipoinama kufunga kamba za viatu. Fundi alisikia kishindo, akadhani ubao umeanguka, akamalizia kwanza kupiga patasi mara mbili tatu kabla hajaenda kuangalia. Patasi zile mbili tatu alikuja kuzihesabu sana baadaye, ingawa daktari alimwambia hazikubadilisha kitu.

Alilazwa wiki tatu. Alirudi nyumbani mguu mmoja unaburuta, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, na katika lugha zake zote nne amebakiwa na neno moja: basi. Akitaka maji, basi. Akishiba, basi. Akisalimiwa, basi. Wageni walimjibu kwa huruma, kisha wakageukia upande wa Fundi na kumwuliza habari za mkewe kana kwamba mwenyewe yuko safarini. Shangazi mmoja alidiriki kuuliza, "Huyu chai anakunywa?" na wakati huo Mama Lugha ameshika kikombe.

"Huyu anakunywa," Fundi alijibu, "ila iwe vuguvugu."

Na yeye akawa amesema huyu. Aliizoea haraka lugha hiyo ya kusema juu ya kichwa cha mtu. Huyu amelala vibaya. Huyu leo kala kidogo. Mkewe alimtazama tu, kisha akahamisha macho dirishani.

Mtoto wao alikuwa mpima ardhi katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Alipiga simu kila jioni, na wiki ya nne akatoa shauri. Mama ahamie kwake. Kuna chumba, mke wake amekubali, na amepatikana mwanamke wa kumhudumia mchana. Baba naye aifunge karakana na kufuata pole pole, maana kuishi peke yake si jambo la kuzungumza. Maneno yote makubwa ya nyumba ile alikuwa akiyasema mkewe. Fundi akasema watatazama. Mtoto akaelewa kwamba baba amekubali, akasema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumchukua mama.

Muuza magazeti, yeye, hakuwa ameambiwa lolote. Kila Jumamosi alichomeka gazeti pale pale, na kila Jumamosi Fundi alilichomoa na kulipandisha juu ya friji bila kulifungua. Yalikuwa yamefika matano siku aliyojikuta hana kazi. Alikuwa ameunganisha fremu mbili, gundi haijakauka, na nje mvua inanyesha. Akaketi mezani mkabala na mkewe. Saa ya ukutani ilisikika mno. Kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akashusha gazeti la juu, na kwa mazoea ya miaka thelathini likafunguka kwenye chemshabongo.

Mtungaji alikuwa ameipa jina Kazi ni Kazi. Majibu yote ni majina ya kazi za watu, aliandika, lakini msomaji ajihadhari, maana kila kidokezo kina ndimi mbili. Fundi alivaa miwani, akasoma kwa sauti, si kwa kumsomea mtu, ila kwa kuwa hakujua kusoma kimya.

"Nne mlalo. Huranda kutwa, mlangoni hatoki. Herufi nane."

Alifikiri. Mtu wa kuranda kutwa ni mzururaji, akasema, ingawa hiyo si kazi. Akahesabu kwa ncha ya penseli: herufi tisa, haiingii. Labda mlinzi wa zamu. Lakini huyo akiranda, si atakuwa ametoka mlangoni? Labda mfungwa anayezungukazunguka selo, herufi saba, na kufungwa nako si kazi ya kuajiriwa. Alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kuranda aliposikia sauti kutoka ng'ambo ya meza. Akainuka haraka akidhani mkewe amepaliwa.

Hakupaliwa. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso umeinuka, mwingine umebaki nyuma, lakini kicheko kilianzia puani kama mtu anayezuia chafya. Aliinua mkono wa kushoto, akamwelekezea kidole mumewe kifuani. Kisha akakunja ngumi, akaipitisha juu ya meza, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Randa," Fundi alisema.

"Basi," mkewe akasema, na kwa mara ya kwanza neno lilikuwa na maana yake hasa.

Seremala. Akaihesabu, herufi nane, haikubaki hata moja. Lakini hakuiandika mara moja. Fundi hakusoma sana, ila mantiki ya vitu kuingiana aliijua kuliko wengi, na sasa alikuwa na jambo la kulipima. Ili mtu acheke pale, ni lazima ajue kuranda kwa mtembezi na kuranda kwa mbao, azishike zote mbili kwa wakati mmoja, na aone jinsi mumewe anavyohangaika na moja tu. Mtu asiyejitambua hafanyi hivyo. Wiki zote tano mwanamke huyu alikuwa mzima wa akili, akisikia kila kilichosemwa juu yake. Akisikia huyu, huyu, huyu.

Aliona haya, joto likampanda masikioni. Akavuta kiti kutoka ng'ambo, akakiweka karibu yake ili wote wawili walione gazeti, akampa penseli mkono wa kushoto.

Iliwachukua hadi saa saba. Fundi alisoma, mkewe akafikiri, na mara nyingi jibu lilionekana machoni mwake muda mrefu kabla halijapata njia ya kutoka. Pasi zake ni za moto, ila timu hana. Alipiga pasi hewani juu ya goti lake, na Fundi, aliyekuwa akitafuta wachezaji wa mpira wote anaowajua, akaandika DOBI. Hufunga hata siku anayokula. Hapo Fundi alishikilia kwamba mtu hawezi kula na kufunga siku moja, hadi mkewe alipozungusha ufunguo usiokuwapo kwenye kufuli lisilokuwapo. BAWABU. Fundi alinung'unika kwamba amefunga bawaba maelfu maishani mwake na bado jina hilo limempita pembeni. Ana wali tumboni, njaa haimwishi. Hiki alikitatua mwenyewe kwa kukitazama mpaka herufi zikahama, W-A-L-I katikati ya MWALIMU, akafurahi kama mtoto aliyefaulu.

Samaki apokeaye wageni walio uchi ndiyo iliyowashinda kwa muda. Mama Lugha aliijua. Alifungua mdomo, akakaza shingo, ikatoka basi. Akajaribu tena, basi, na machozi ya hasira yakamlenga. Fundi alitaka kuiruka, waende nyingine. Mkewe akamshika kidole, akakiweka kwenye M ya SEREMALA, ambapo neno lile lilianzia kushuka. Kisha akachora pembeni, kwa mkono usiojua kuchora, samaki mrefu kama nyoka, na chini yake mtoto mwenye kichwa kikubwa. Fundi alitazama samaki, akatazama mtoto.

"Mkunga," alisema taratibu.

Akapigwa kofi dogo begani, la kupongezwa.

Kilibaki kidokezo kimoja, tisa wima: Mwanzo wake mkali, mwisho wake maelewano. Fundi alipokisoma, mkewe alilaza penseli mezani, akalisukuma gazeti, akageukia dirisha. Fundi hakumlazimisha. Alikuwa jikoni anasuuza vikombe pale MKALI ilipomjia, na baada yake herufi nne zilizobaki. Akasimama na maji yakimwagika mikononi. Halafu akafunga bomba, akaacha visanduku vile vitupu.

Jumatatu alimpeleka kliniki ya usemi, ambayo hospitali ilikuwa imewaandikia siku ya kuruhusiwa na yeye akaiona kama kupoteza muda. Mtaalamu alikuwa dada mwembamba mwenye kusema polepole. Fundi alimweleza habari za randa, na dada yule hakushangaa. Alimgeukia Mama Lugha kwanza, akamwomba ruhusa ya kuzungumza na mumewe. Ndipo akasema, "Maneno anayo, Baba. Njia ya kuyatoa ndiyo imeumia. Usimmalizie anachotaka kusema. Msubiri, hata ukichoka."

Fundi aliuliza yatarudi lini. Dada alisema hatamdanganya. Wengine hurudishiwa mengi, wengine machache, ila hajamwona hata mmoja aliyerudishiwa kwa kunyamaziwa.

Jumamosi mtoto alifika na sanduku kubwa la nguo. Alipoliweka chini lilitoa mlio mtupu, na Fundi akaelewa kwamba lilikuja hivyo ili lirudi limejaa. Alimwinamia mama yake, akambusu mkono, kisha akaketi karibu na baba na kuanza. Chumba kimepakwa rangi. Mhudumu anaanza Jumatatu. Basi ni kesho alfajiri, viti vya mbele, ili mama apate pa kunyooshea mguu.

"Mwambie mwenyewe," Fundi alisema. "Amekaa hapo."

Mtoto alishusha sauti. Akasema baba asimwelewe vibaya, mama ni mama, lakini jibu lake kwa kila kitu ni neno moja, na mambo mazito hayaamuliwi hivyo. Fundi akasema mama yako anatatua chemshabongo. Mtoto akamtazama kama mtu anayeona mzigo umeshamzidi mzee wake. Na hapo wakaanza kupishana. Mtoto alisema siku moja mashine ya kukatia mbao itakuwa inanguruma huko karakana, mama ameanguka huku, nani atasikia? Fundi akasema anafukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mtoto akasema hakuna aliyefukuzwa. Sauti zilipanda, kila mmoja akimjibu mwenzake jambo ambalo mwenzake hakulisema.

"Basi," Mama Lugha akasema.

Lilikuwa basi la mahakamani, la kukata mabishano.

Alivuta gazeti la wiki iliyopita, akaomba penseli kwa kidole. Akamgusa mtoto wake kifuani, kisha akaanza kuandika kwenye nafasi nyeupe ya pembeni. H ilimchukua muda. O ikatoka kama yai lililokanyagwa. Mtoto alinyoosha mkono amsaidie kushika karatasi, Fundi akamzuia kwa kumshika kifundo cha mkono. Wakasubiri. Mvua ya jana ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye paa, moja moja. HOFU, iliandikwa.

Halafu akamgusa mumewe. Walingoja aandike neno jingine. Hakuandika. Alirudi kwenye lile lile, akalipigia mstari chini, akainua macho na kumtazama mmoja, kisha mwingine, jinsi alivyokuwa akiwatazama watu wa pande mbili za kesi, akingoja wakiri kama tafsiri ni sahihi.

Mtoto ndiye aliyeanza. Alisema kila simu ya baba ikiingia asubuhi huwa anaitazama kwanza, haipokei mara moja, maana anajua iko siku itakuwa ndiyo ile. Akajikuna shavu bila kuwashwa.

Mkewe akamtikisa Fundi goti.

"Mimi naogopa kubaki kwenye nyumba isiyosema," alisema. "Nikasahau kwamba inasema."

Mtoto alihamisha kiti chake. Alikisogeza hadi mbele ya mama yake, magoti yao yakakaribia kugusana, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu kiharusi. "Mama, wewe unataka nini?"

Mama Lugha alishika mkono wa kiti kwa nguvu. Alikaza shingo. "Ha," alisema. Akapumua. "Ha." Kilichobaki hakikutoka siku hiyo, lakini kidole cha shahada kilikuwa kinagonga mbao za kiti, na kiti kilikuwa hapa, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Mtoto alikaa siku nne badala ya moja. Alifunga kengele yenye kitufe kikubwa kando ya kiti cha mama, na taa karakanani itakayowaka kengele ikibonyezwa, ili hata mashine ikinguruma Fundi aone. Alimtafuta mhudumu wa asubuhi pale pale mtaani. Mchana alikaa na mama yake wakitatua magazeti yaliyobaki juu ya friji, akichekwa kuliko hata baba yake, kwa sababu mtu wa vipimo kamili hawezi kuvumilia neno lenye maana mbili. Sanduku lilirudi na msasa mmoja aliopewa na baba na chupa ya achari ambayo mke wake alikuwa ameiagiza.

Siku aliyoondoka, Fundi alipokuwa akikusanya karatasi mezani, aliona kwamba ile chemshabongo ya kazi imejaa. Tisa wima, MKALIMANI, ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kutetemeka, N imetoka nje ya kisanduku chake. Hakujua iliandikwa lini. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Fundi akamwuliza kama amwongezee chai, akasubiri mpaka akajibu.

Miezi iliyofuata haikuwa ya miujiza. Ile hapa ya siku ile ilikamilika baada ya wiki tatu. Ikafuata maji, ikafuata kiatu, na kwa kipindi fulani vitu vyote vilivyovaliwa viliitwa kiatu, pamoja na miwani ya Fundi. Kuna wiki maneno yalirudi nyuma na Mama Lugha akavunja kikombe kwa hasira. Fundi alikata vipande vya mbao laini, akavipiga msasa mpaka vikateleza, akachonga herufi kila kipande, A nyingi kuliko nyingine kwa kuwa alishaona Kiswahili kinavyozila. Mkono wa kushoto uliweza kuvisukuma mezani upesi kuliko kuandika, na siku mbaya ndivyo walivyozungumza. Siku nzuri mkewe alisema sentensi za maneno matatu, bila viunganishi, kama simu za upepo za zamani, zilizolipiwa kwa idadi ya maneno. Mahakamani hakurudi, na kuna asubuhi bado alivaa viatu vyake vya kazi, akakaa navyo.

Dada wa kliniki aliziona zile herufi za mbao, akaomba seti nyingine kwa ajili ya wodi. Alipopelekewa, akaomba tena kitu kingine, na safari hii hakumwomba Fundi. Palikuwa na mgonjwa mpya, dereva wa lori, aliyebakiwa na neno "kumbe" peke yake na hataki kumwona mtu. Je, Mama angekubali kuja Jumatano, akae naye kidogo?

"Nakuja," alisema Mama Lugha.

Jumatano Fundi alimsindikiza hadi mlango wa wodi, mfuko wa herufi begani mwake, akajiandaa kuingia ili amsaidie pale maneno yatakapokwama. Mkewe alimvua mfuko, akaelekeza kidole kwenye benchi la nje.

"Kaa," alisema. "Mimi. Kazi."

Akaingia akiburuta mguu, akausukuma mlango kwa bega. Fundi aliketi. Benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi na lilimuudhi. Kupitia mlangoni alisikia vipande vya mbao vikimwagwa mezani, kimya kirefu, sauti nzito ya mwanaume ikisema kumbe kwa kukata tamaa, kimya tena. Akasogea ukingoni mwa benchi, tayari. Saa nzima ikapita, zikaongezeka dakika kumi, na hakuitwa.